Baiskeli ya barabara katika bonde la Loire, Ufaransa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu safari moja mahususi: Saumur hadi Orléans kwa baiskeli ya tairi nyembamba, kwenye barabara ndogo za lami, kama kilomita 250. Eneo hili ni sehemu ya bonde lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Ni mashamba ya mizabibu, vijiji vya mawe meupe, makasri ya wafalme na mto ambao haujafungwa kwa mabwawa makubwa katika kipande hiki.

Kwa nini tuanzie Saumur? Wengi huanzia Orléans na kushuka na mto.

Kwa sababu ya upepo. Mto unateremka kuelekea magharibi, lakini mteremko wake ni mdogo mno hata miguu haiuhisi. Upepo unahisiwa. Katika bonde hili upepo mwingi hutoka magharibi na kusini-magharibi, na juu ya matuta ya mto hakuna mti wala ukuta wa kukukinga. Ukipanda na mto, yaani kuelekea mashariki, siku nyingi utasukumwa mgongoni.

Kuna siku za kinyume. Majira ya kuchipua, hali ya hewa ikitulia na anga kuwa safi, upepo baridi wa kaskazini-mashariki huweza kuvuma siku tatu au nne mfululizo. Tazama utabiri siku mbili kabla ya kukata tiketi ya treni. Ukiona hali hiyo, geuza safari na uanzie Orléans. Miji yote miwili ina stesheni, kwa hiyo hakuna kinachoharibika.

Njia ikoje, siku kwa siku?

Huu ni mgawanyo wa siku sita. Kwa mwendeshaji mwenye mazoezi kilomita zitaonekana chache, na zimewekwa chache makusudi: kasri moja linakula saa mbili hadi tatu, na maduka hufungwa mchana. Anayepanga kilomita 100 na makasri matatu kwa siku huishia kuona maegesho ya magari matatu.

Siku ya kwanza ni Saumur hadi Chinon, kama kilomita 37. Baki ukingo wa kusini. Barabara ya D947 (D ni alama ya barabara za mkoa) inapita chini ya jabali la mawe meupe yanayoitwa tuffeau, ndiyo yaliyojenga makasri mengi ya hapa. Jiwe hili ni laini, hukatwa kwa msumeno, na mashimo yaliyobaki baada ya kuchimbwa yamekuwa nyumba, ghala za mvinyo na mashamba ya uyoga. Magari yakizidi, panda kwenye barabara ndogo za Parnay na Turquant juu ya jabali. Baada ya Montsoreau kuna Candes-Saint-Martin, mahali mto Vienne unapoingia Loire, na ndipo alipofariki Mtakatifu Martin mwaka 397. Kilomita tano kusini ni abasia ya Fontevraud, iliyoanzishwa mwaka 1101. Humo mna makaburi ya Eleanor wa Aquitaine, mumewe mfalme Henry II wa Uingereza na mwana wao Richard. Watu wachache hujua kwamba jengo hilo hilo lilikuwa gereza tangu 1804 hadi 1963, na ukitazama kuta kwa makini utaona alama zake. Kutoka hapo rudi kwenye Vienne na ufuate ukingo wake wa kusini hadi Chinon.

Siku ya pili ni Chinon hadi Villandry, kama kilomita 40. Asubuhi panda ngomeni: hapa Jeanne d'Arc alikutana na Charles VII mwaka 1429. Ukitoka mjini kuna kilima kifupi kuelekea Huismes, kisha unashuka Rigny-Ussé, unavuka ukingo wa msitu wa Chinon hadi Azay-le-Rideau, kasri lililojengwa juu ya kisiwa cha mto Indre. Villandry ni kilomita 11 zaidi. Bustani zake za mboga zilizopangwa kama zulia zilirudishwa na Joachim Carvallo aliyenunua kasri mwaka 1906. Tahadhari moja: Avoine, kaskazini-magharibi ya Chinon, kuna kituo cha umeme wa nyuklia. Asubuhi na jioni barabara za kuelekea huko hujaa magari ya wafanyakazi wenye haraka. Pita Huismes, usipite Avoine.

Siku ya tatu ni Villandry hadi Amboise, kama kilomita 45, ukipita Savonnières na kando ya mto Cher hadi Tours. Baada ya Montlouis acha D751 na upande kwenye barabara za mizabibu za Husseau na Lussault. Ni mita chache za kupanda, na zinakuepusha na malori.

Siku ya nne ni Amboise hadi Blois kupitia Chenonceau na Chaumont, kama kilomita 55. Hii ndiyo siku yenye vilima: unatoka bonde la Loire, unaingia la Cher, unarudi la Loire. Hakuna mpando unaozidi mita 80 za kimo, ila baadhi ni mkali. Kwenye ramani, kijiji huandikwa Chenonceaux na kasri Chenonceau. Tafuta kijiji, kwa sababu ndicho chenye stesheni na duka la mikate.

Siku ya tano ni Blois hadi Beaugency kupitia Chambord, kama kilomita 42. Ya sita ni Beaugency hadi Orléans kupitia Meung na Cléry-Saint-André, penye kaburi la mfalme Louis XI, kama kilomita 28. Huko Beaugency, mwaka 1152, ndoa ya kwanza ya yule Eleanor, na mfalme Louis VII wa Ufaransa, ilitenguliwa na baraza la maaskofu. Aliolewa na Henry mwaka huo huo.

Kuna njia yenye alama ya La Loire à Vélo. Si nifuate hiyo tu?

Ifuate kwa sehemu. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 900 hivi, kutoka Cuffy karibu na Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins baharini, na sehemu kubwa yake imo ndani ya EuroVelo 6, njia ndefu ya baiskeli ya Ulaya inayoendelea hadi Bahari Nyeusi. Alama zake ni nzuri, mara nyingi kwenye kila njia panda.

Tatizo ni kwamba ilipangwa kwa familia na baiskeli za mizigo. Vipande kadhaa ni vya changarawe iliyoshindiliwa, na mvua ikinyesha vinageuka tope jeupe linaloganda kwenye breki na cheni. Pia huzunguka sana ili kukwepa kila barabara ya magari, hata zile zinazopita magari kumi kwa saa. Mwenye tairi ya milimita 25 au 28 atumie alama kuingia na kutoka mijini, ambako ni msaada mkubwa, na vijijini ashike barabara ndogo za D.

Ramani za karatasi za Michelin za kipimo cha 1:150 000 zinasaidia kuchagua. Barabara nyekundu ni kubwa, iache. Ya njano ni ya kati, itazame kwanza. Nyeupe ndiyo yako, na ikiwa na mstari wa kijani pembeni basi mandhari yake ni mazuri.

Ujue pia kwamba namba za D hupewa na kila mkoa wake. Ukivuka mpaka wa mkoa, barabara ile ile inaweza kubadilika namba, kwa hiyo andika majina ya vijiji kwenye karatasi yako pamoja na namba. D952 ya ukingo wa kaskazini ilikuwa barabara ya taifa zamani na bado ina mwendo wa barabara ya taifa. Usiipange kabisa kati ya Blois na Tours.

Nimezoea kushika kushoto. Kulia kutanipa shida?

Kwa anayetoka Goma, Bukavu, Bujumbura au Kigali hakuna jipya. Kwa anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda, hatari haiko barabarani moja kwa moja bali kwenye nyakati tatu: unapoanza tena baada ya kusimama dukani, unapokata kona kushoto, na unapotoka kwenye njia ya baiskeli kuingia barabarani. Hapo mwili hurudi kwenye mazoea. Weka kipande cha utepe kwenye usukani upande wa kulia, ukiangalie kila unapopanda baiskeli.

Kipilefti huzungukwa kinyume cha saa, na wenye haki ni waliomo ndani, wanaotoka kushoto kwako. Kaa katikati ya mkondo wako ukiwa ndani. Ukijibana pembeni, gari linalotoka litakukatia mbele.

Jambo la breki ni zito kuliko watu wanavyodhani. Baiskeli za Ufaransa zina breki ya mbele kwenye mkono wa kushoto na ya nyuma kwenye mkono wa kulia. Baiskeli nyingi za Afrika Mashariki zimefungwa kinyume chake. Ukikodi kule na kubana kwa nguvu mkono wa kushoto ukidhani ni breki ya nyuma, utaruka juu ya usukani. Kabla ya kuondoka dukani, inua gurudumu la mbele, lizungushe, bana mkono mmoja uone. Kisha fanya mazoezi ya kusimama mara kumi kwenye eneo tupu, au mwombe fundi abadilishe waya. Kwenye breki za waya ni kazi ya dakika chache. Kwenye za mafuta ni kazi kubwa na wengi watakataa.

Mbona gari linatokea kichochoroni kulia na halisimami?

Kwa sababu lina haki. Mahali pasipo alama, hasa ndani ya vijiji, anayetoka kulia hupita kwanza. Wenyeji huitumia kanuni hii bila kutazama. Alama ya almasi ya njano yenye ukingo mweupe inakuambia barabara yako ina kipaumbele, na ikikatwa na mstari mweusi kipaumbele kimekwisha. Pembetatu yenye alama ya X nyeusi ina maana makutano yanayofuata ni ya kulia kwanza. Ukiona ubao wa jina la kijiji wenye ukingo mwekundu, umeingia eneo la kilomita 50 kwa saa. Hapo punguza mwendo na weka vidole kwenye breki.

Sheria zipi huwapata wageni?

Vifaa vya masikioni ni marufuku kwa mwendesha baiskeli tangu 2015, hata sikio moja, na faini ni euro 135. Simu mkononi ni kiasi hicho hicho. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma zinahitajika usiku au ukungu, na nje ya miji lazima pia fulana inayong'aa. Kengele ni ya lazima. Helmeti ni ya lazima kwa watoto chini ya miaka 12 tu, ila vaeni nyote.

Kiwango cha pombe cha gramu 0.5 kwa lita moja ya damu kinamhusu mwendesha baiskeli sawa na dereva, na katika bonde ambalo kila ghala lina bango la kuonja mvinyo hilo si jambo la pembeni. Onjeni jioni, baiskeli ikiwa imefungwa.

Mnaruhusiwa kwenda wawili sambamba. Gari likitaka kupita, au giza likiingia, fuataneni mmoja mmoja. Gari nalo linatakiwa kuacha mita 1.5 nje ya miji na vijiji, na mita 1 ndani yake. Wengi hutii. Barabara kuu ya magari ya kasi yenye herufi A, na yoyote yenye alama ya bluu ya mraba ikiwa na picha ya gari, usiingie kabisa.

Baiskeli iwe na nini?

Gia za mbele zenye meno 50/34 na za nyuma zenye meno 11–32 zinatosha hata ukibeba kilo nane. Hakuna mlima hapa. Kinachokuchosha ni mipando mifupi ya kutoka mtoni, mingine asilimia 10 kwa mita 300, ukiwa umetoka kula.

Tairi: milimita 28 ndiyo ya chini tunayopendekeza, na 32 ni bora kama fremu inaipokea. Kwa mtu wa kilo 75, mzigo ukiwa mwepesi, jaza bar 5 hivi (bar ni kipimo cha shinikizo la upepo) kwenye 28 na bar 4 hivi kwenye 32, nyuma kidogo zaidi ya mbele. Wanaokuja na bar 8 kama wako uwanjani hupata vidonda vya mikono kwenye mawe ya Candes na kuteleza kwenye kokoto.

Kokoto zastahili maelezo. Mafundi wa barabara za vijijini, kiangazi, humwaga lami ya maji kisha kokoto ndogo juu yake, na kuyaacha magari yazishindilie. Kwa siku kadhaa barabara inabaki na matuta ya kokoto legevu katikati na pembeni. Bango huandikwa *gravillons*. Ukiliona, shika mstari uliopitiwa na magurudumu ya magari, usibane breki ukiwa kwenye kona, na usikanyage kwa kusimama. Hapa huangushwa hata waendeshaji wazoefu.

Tours na Orléans zina reli za tramu zilizozama barabarani. Tairi nyembamba huingia kwenye mfereji wa reli na gurudumu hukwama. Zivuke kwa pembe iliyo karibu na mraba, bila breki, hasa zikiwa zimelowa.

Pancha zinatoka wapi, na nijiandae vipi?

Chanzo kikuu ni mawe ya silex, jamii ya gumegume, yaliyojaa kwenye udongo wa mizabibu ya Touraine, eneo linalozunguka Tours. Mvua huyasukuma barabarani, na mpira ukiwa umelowa hukatika kwa urahisi zaidi. Chanzo cha pili ni miiba: kuanzia vuli wakulima hukata ua wa mashamba kwa mashine na vipande hubaki lamini.

Kila mtu abebe tyubu mbili zenye valvu nyembamba ya Presta, viraka na solusheni, vijiko vya tairi viwili, pampu ya mkono na kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa kidole. Namna ya kufanya:

Toa gurudumu. Kama breki ni za diski, usiguse mkono wa breki gurudumu likiwa nje, kwa sababu pedi zitajibana na hazitaachia. Toa upande mmoja wa tairi, vuta tyubu, ijaze upepo na usikilize tundu liko wapi. Ilinganishe na tairi ukianzia kwenye valvu, ili ujue sehemu ya kutafuta mwiba. Pitisha vidole ndani ya tairi polepole, mzunguko mzima. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo sababu ya pancha ya pili baada ya dakika kumi. Kipande cha silex huwa kidogo kama punje ya mchele na kimezama: kikwangue kwa ncha ya kisu kutoka nje. Kama tairi limechanika zaidi ya milimita 3, weka kile kipande cha tairi kuukuu kwa ndani kabla ya tyubu mpya, usijaze zaidi ya bar 4, na utafute duka mjini. Kabla ya kujaza, bana tairi pande zote uhakikishe tyubu haikubanwa chini ya ukingo. Ikibanwa itapasuka kwa kishindo.

Maduka ya baiskeli yako Saumur, Chinon, Tours, Amboise, Blois na Orléans. Mengi hufungwa Jumapili na Jumatatu.

Nisafirishe baiskeli au nikodi?

Kwa anayeruka kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Muscat kwa wiki moja, kukodi ni nafuu ya mwili na akili. Kuna kampuni za kukodisha kandokando ya mto, baadhi zinakuruhusu kuchukulia mji mmoja na kurudishia mwingine. Uliza mapema kama wana baiskeli za barabara, maana ghala nyingi zina za kitalii tu. Wape kimo chako na urefu wa mguu kwa ndani. Beba pedeli zako na tandiko lako: hivyo viwili ndivyo vinavyoamua maumivu. Dhamana mara nyingi hushikwa kwenye kadi ya benki, kwa hiyo hakikisha kadi ina nafasi.

Ukibeba yako, toa pedeli (ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea saa), geuza usukani, shusha tandiko, fungua derayala ya nyuma (kifaa kinachohamisha cheni kwenye gia) na uifunge ndani ya fremu kwa kitambaa. Mkunjo wa chuma chake ndio uharibifu wa kawaida zaidi wa ndegeni, na baada yake gia hazikai.

Ndani ya Ufaransa treni ndiyo njia. Kwenye TGV, treni za mwendo kasi, zenye nafasi ya baiskeli unalipia nafasi hiyo na lazima uikate pamoja na tiketi. Nafasi ni chache na kiangazi huisha wiki kadhaa kabla. Baiskeli iliyofunguliwa na kuwekwa kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90 husafiri kama mzigo. Treni za mkoa, TER, ndizo rahisi zaidi, na zinasimama Saumur, Tours, Amboise, Blois, Beaugency na Orléans. Miezi ya kiangazi huongezwa mabehewa ya baiskeli kwenye mstari huu wa Loire. Hata hivyo, Jumamosi asubuhi fika dakika 20 kabla. Kutoka Orléans hadi Paris Austerlitz ni kama saa moja.

Nile wapi na saa ngapi?

Hili huwaangusha wageni kuliko upepo. Kijijini, maduka hufungwa kuanzia saa sita au sita na nusu mchana hadi saa nane au tisa. Jumapili alasiri ni kimya kabisa. Jumatatu duka la mikate la kijiji linaweza kuwa limefungwa siku nzima. Migahawa hupokea chakula cha mchana kati ya saa sita na saa saba na nusu hivi. Ukifika saa nane jiko limezimwa.

Utaratibu unaofaa ni huu: nunua mkate, jibini na matunda kabla ya saa tano asubuhi, hata kama huna njaa. Jibini la mbuzi la Sainte-Maure-de-Touraine, refu kama gogo dogo lenye majivu juu na unyasi katikati, hustahimili safari vizuri kuliko yale laini. Maeneo ya Saumur, jaribu *fouées*, vimkate vinavyookwa kwenye tanuri la kuni na kujazwa maharagwe au siagi.

Ukiingia dukani, sema *bonjour* kabla ya neno lolote lingine. Asiyesalimu huhudumiwa kwa ubaridi. Kwa wasomaji wetu hili halihitaji mafunzo.

Maji?

Makaburi ya kijiji karibu yote yana bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wa Ufaransa hujaza chupa hapo. Soma kibao: *eau potable* ni ya kunywa, *non potable* siyo. Ingia kwa utulivu, vua helmeti kama kuna mazishi au wageni wa makaburi. Chupa mbili za mililita 750 zinatosha siku ya kawaida. Siku ya joto jaza kila kijiji.

Mimi Muislamu. Nitakula nini?

Ujue majina kwanza. *Rillettes*, chakula maarufu cha Tours, kwa kawaida ni nguruwe. *Lardons* ni vipande vya nguruwe vinavyotupwa kwenye saladi na mayai bila kutajwa kwa herufi kubwa. *Andouillette* ni utumbo wa nguruwe. Nyama halali hupatikana Tours, Blois na Orléans. Vijijini usitegemee. Chakula salama ni samaki wa mtoni, kimanda, jibini, na *galette* ya unga mweusi yenye yai na jibini ukisema *sans jambon*. Uliza pia kama mchuzi una mvinyo, kwa sababu hapa hutiwa hata kwenye samaki.

Nilale wapi?

Tafuta alama ya Accueil Vélo. Nyumba au hoteli yenye alama hiyo iko ndani ya kilomita 5 kutoka njia ya baiskeli, ina mahali pa kufungia baiskeli, vifaa vya matengenezo madogo na kifungua kinywa cha kushiba. *Chambres d'hôtes*, yaani vyumba katika nyumba za watu, ndiyo bora vijijini, ila wapigie simu ukichelewa: mwenyeji hakai mapokezi. Wanaobana matumizi watapata kambi za manispaa karibu na mto, nyingi zikifunguliwa kuanzia masika hadi Septemba.

Mwezi gani?

Mei, Juni na Septemba. Mei ina sikukuu nyingi (tarehe 1, tarehe 8, Kupaa na mara nyingine Jumatatu ya Pentekoste), kwa hiyo vyumba hujaa ghafla na maduka hufungwa siku za katikati ya wiki. Julai na Agosti kuna joto linaloweza kupita nyuzi 35 na foleni ndefu Chambord na Chenonceau. Majira ya baridi mto hufurika na vipande vya njia vilivyo chini ya tuta huzama. Kwenye kuta za zamani utaona mistari ya mafuriko ya 1846, 1856 na 1866. Mistari mingine iko juu ya kichwa cha mtu mzima, na ndiyo maelezo bora ya kwa nini matuta yamekuwa marefu hivyo.

Kuanzia vuli hadi mwisho wa Februari ni msimu wa kuwinda, hasa misitu ya Sologne. Bango la *chasse en cours* lina maana bunduki zinatumika karibu. Baki kwenye lami, vaa rangi kali, usikate njia za msituni.

Kama nina muda wa makasri mawili tu, ni yapi?

Chambord na Chenonceau, na tunajua kila mtu atasema hivyo. Chambord lilianza kujengwa 1519 kwa amri ya mfalme François I, na ngazi zake mbili zilizojisokota pamoja huwapitisha anayepanda na anayeshuka bila kukutana. Kwa mwendesha baiskeli raha kubwa ni hifadhi yake: hekta 5,440 ndani ya ukuta wa kilomita 32, barabara zilizonyooka msituni. Ingia saa tatu asubuhi. Jioni nguruwe pori na kulungu huvuka barabara.

Chenonceau linavuka mto Cher kwa matao, na ukumbi wake mrefu wa juu ya maji ulikuwa hospitali ya majeruhi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya 1940 na 1942 mto huo ulikuwa mstari uliogawa Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani na ile isiyokaliwa: mlango mmoja wa ukumbi huku, mwingine kule.

Baiskeli haziingii. Kuna vyuma vya kufungia nje, na kufuli la U kupitia fremu na gurudumu la nyuma linatosha, lakini mfuko wa usukani uingie nao.

Viza?

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen: hadi siku 90 ndani ya siku 180, ada euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla na si chini ya siku 15. Kwa safari ya baiskeli, ambatisha orodha ya mahali pa kulala kila usiku, kwa mpangilio wa njia. Soma pia bima yako kama inafunika ajali ya baiskeli.

Nikiumia, au nikichoka njiani?

Piga 112 kutoka simu yoyote. Gari la wagonjwa moja kwa moja ni 15. Taja jina la kijiji, namba ya barabara ya D na mwelekeo unaokwenda. Kando ya barabara hizi kuna mawe mafupi yenye kichwa cha njano: yanaonyesha namba ya barabara na kilomita, yasome kwa anayepokea simu.

Kwa uchovu tu, reli inafuata mto karibu safari nzima. Isipokuwa siku ya Fontevraud na ile ya Chambord, mara nyingi hutakuwa mbali na stesheni zaidi ya kilomita 15. Pakua ratiba za TER za Jumapili mapema, kwa maana siku hiyo treni ni chache na kwenye vituo vidogo dirisha la tiketi halifunguliwi.